Kompyuta Iliyopigwa Bambo

Juu kabisa ya rundo la magunia, karibu na bati, ndipo mtandao wa simu uliposhika vizuri katika ghala la Albina pale Laela. Chini, karibu na mzani, simu ilikuwa kipande cha kioo tu. Lakini ukipanda rundo la kwanza, ukakanyaga la pili, ukainamisha kichwa usijigonge kwenye boriti, ukanyoosha mkono kuelekea tundu la hewa, basi Hungaria ilikuja yenyewe kiganjani: sura ya binti yake Fransiska, ukuta mweupe nyuma yake, na dirisha lililojaa theluji. Vibarua wa ghala walimwita Albina Mama Mnara. Mwanzoni walimwita hivyo kwa siri, kisha wakasahau kuficha.

Jumatano hiyo ya mwezi wa kwanza alikuwa anapanda na kushuka tangu kulipopambazuka. Jana jioni alimwandikia bintiye, "Kompyuta imepona?" Tiki mbili zilikuwa zimegeuka bluu. Ujumbe umesomwa na haukujibiwa. Alishuka, akafagia mahali palipofagiwa. Akapanda tena, akatazama. Akashuka.

"Mama Fransiska," mumewe Evaristi alimwambia kutoka mlangoni, jembe begani, anakwenda kupalilia, "hayo mahindi yatakuwa unga kabla ya kufika mashineni. Unayakanyaga mno."

"Hajajibu."

"Atajibu. Mtoto yuko chuoni, hayuko vitani."

"Ijumaa ndiyo mwisho, Evaristi. Ijumaa! Ripoti iko ndani ya kompyuta na kompyuta imekufa. Asipoipeleka hana alama, na asiye na alama wanamkatia ufadhili. Atarudi hapa kukaa na mimi kwenye magunia."

"Aliniambia iko kwa fundi."

"Iko kwa fundi, iko kwa fundi. Wiki tatu! Fundi gani huyo, anazaa kompyuta nyingine?"

Evaristi alicheka, akaona mkewe hacheki, akaenda zake. Yeye alikuwa mtu wa kungoja mvua. Albina hakuwahi kujua watu wa namna hiyo wanaweka wapi wasiwasi wao.

Albina alizaliwa kijiji cha ndani huko huko juu Ufipa, nyumba ya watu wa ulezi na mahindi, matuta ya mviringo, Misa kila Jumapili na Kifipa kila siku. Kiswahili alikikuta shuleni, akakipenda, na kidato cha nne alikaribia kufaulu. Neno hilo "karibia" lilimfuata muda mrefu. Alipoolewa na Evaristi aliona maisha ya kungoja mavuno hayamtoshi, akaanza kununua mahindi kwa debe kwa majirani na kuyapeleka Tunduma.

Safari yake ya kwanza kubwa ndiyo iliyomfundisha kazi. Alinunua magunia kwa mtu mwenye maneno matamu. Juu mahindi meupe, chini mahindi meupe. Tunduma mnunuzi akayachoma kwa bambo: katikati pumba, vigunzi na mahindi yaliyoota ukungu. Watu walimcheka mpaka wakashika matumbo. Aliporudi alikwenda kwa fundi wa bati, akachongewa bambo la kwake, ule mrija wa chuma wenye ncha, unaochomwa gunia na kutoa punje za katikati bila kulifungua. Tangu siku hiyo bambo halikutoka mkobani mwake. Lilikwenda naye gulioni, likaenda naye hospitali kujifungua, na Jumapili likaingia kanisani limelala kando ya kitabu cha nyimbo.

Lakini tabia ya bambo haikai kwenye magunia peke yake. Mkate aliuvunja kati kabla hajalipa. Godoro alilitoboa kwa sindano aone sponji. Kijana aliyekuja kumposa mdogo wake alihojiwa mpaka akaomba maji. "Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia," alisema, na watu wa Laela walimwogopa kidogo, wakamheshimu zaidi, wakampelekea mahindi safi.

Fransiska alipopata ufadhili wa kusomea uhandisi wa maji Hungaria, walikwenda wawili Sumbawanga mjini kununua kompyuta. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo mkali, vumbi jekundu. Duka lilikuwa mtaa wa Majengo, la kijana mmoja aitwaye Calvin, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na adabu. Aliweka boksi juu ya meza.

"Fungua," Albina alisema.

Calvin akafungua boksi.

"Fungua."

Akainua kifuniko cha kompyuta. Kioo kikawaka, kikaonyesha picha ya ziwa na milima.

"Haya, sasa fungua."

"Mama, si imeshafunguka?"

"Huu ni mdomo wa gunia, baba. Mimi nataka katikati."

Fransiska alijifunika uso. "Mama, jamani. Watu wanatutazama."

"Waache watazame, macho ni yao."

Calvin aliigeuza mashine taratibu, akaonyesha kijikaratasi cha duara kilichobandikwa juu ya skrubu moja. "Unakiona hiki, mama? Hiki ni muhuri wa kampuni. Kikitobolewa, waranti imekufa."

"Waranti ndiyo nini?"

"Ni ahadi. Ikiharibika yenyewe ndani ya mwaka mmoja, popote duniani, hata huko Hungaria, kampuni inatengeneza bure."

"Ahadi ya mtu ambaye hataki nimwone tumboni?" Albina alimgeukia bintiye. "Yule wa pumba naye aliniahidi. Aliapa kwa mama yake."

"Mama, hii siyo mahindi! Ni mpya. Imetoka kiwandani."

"Na pumba nazo zilitoka shambani."

Wateja walicheka. Calvin alimtazama Fransiska, Fransiska akatazama dari. Mwishowe Calvin alimwita fundi wake, Loth, kijana mrefu aliyekaa chumba cha nyuma kati ya simu zilizofumuliwa. Loth alikuja na bisibisi yake, akauliza mara mbili kama wana hakika, kisha akakitoboa kijikaratasi.

Albina aliinama juu ya mashine iliyo wazi kama anavyoinama juu ya mzani. Aliuliza hiki nini, na hiki nini. Loth, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumuuliza habari za ndani, alinogewa. Alichomoa kipande chembamba cha kijani, akakiweka kiganjani mwa Albina. "Hii ndiyo kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, mama. Ikiondoka hii, haiwaki."

Albina alikipima uzito kwa mkono. Akakinusa. "Hakina harufu ya kuungua," alisema kwa kuridhika, akakirudisha. Loth akakichomeka, akafunga. Kompyuta ikawaka, ziwa na milima vikarudi. "Sasa nimenunua," Albina alisema, akatoa pesa kwenye kanga.

Njia nzima ya kurudi Fransiska alitazama dirishani. Walipokaribia Laela alisema tu, "Mama, wewe ukifika mbinguni utamwambia Mtakatifu Petro afungue sakafu." Wakacheka wote wawili, na ugomvi ukaishia hapo. Mwezi uliofuata mtoto akapanda ndege.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya ghalani juu. Ajabu ni kwamba huko Fransiska alikokwenda, mtandao ulimiminika bwenini bure kama mvua ya masika, wakati Albina alinunua bando kwa wakala wa barabarani na kuliona likiyeyuka katikati ya sentensi. "Mama, umeganda," Fransiska alikuwa akisema. "Mdomo uko wazi, umeganda." Albina aliomba aonyeshwe. Onyesha chumba. Onyesha sufuria. Fungua hilo kabati. Buti zina nini ndani? Fransiska alizungusha simu, akaonyesha, mwanzoni kwa kicheko, baadaye kwa kuchoka kidogo, na Albina alikusikia kule kuchoka, akajifanya hakukusikia.

Kisha, baada ya Noeli, kompyuta ikazimika. Asubuhi moja ya baridi kali Fransiska alibonyeza, taa ndogo ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya muhula mzima: vipimo vya mto alivyochukua na wenzake, michoro, hesabu. Kumbe hakuwa na nakala mahali pengine popote.

"Kwani wenzio wanaweka wapi kazi zao?" Albina alimuuliza siku ile.

"Wanaweka kwenye mtandao, mama. Kuna hifadhi, unatuma tu inakaa huko."

"Na wewe?"

"Wewe si ulinilea ukisema gunia lililo kwa mwenzio ni hadithi? Nikaona bora nikae nayo mwenyewe."

Kweli Albina alisema hivyo, tena mara nyingi, kwa sababu alikwisha kuwaona watu waliohifadhi mahindi kwenye maghala ya wenzao wakayakosa. Hakujua kwamba mtoto huvibeba hata vile ambavyo hukumfungashia.

"Lakini tuna waranti," Fransiska alisema upesi. "Nitaipeleka kwa mafundi wa kampuni, wapo hapa mjini."

Kuanzia hapo jibu likawa moja: iko kwa fundi, wanashughulikia. Aliongea huku anatazama pembeni. Alikonda, au ni mtandao uliomkondesha. Albina alianza kuamka kabla ya jogoo. Alianza kupika akasahau chumvi, kupima gunia akasahau uzito. Kutwa alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, na aliyeuliza kulikoni alijibiwa, "Hakuna."

Na sasa, Jumatano, tiki za bluu na kimya.

Saa tatu alivua kanga ya ghalani, akavaa gauni la Misa, akawaambia vibarua wafunge, akasimama barabarani. Gari la kwanza lililotoka upande wa Tunduma alilipanda. Hakuwa na mpango. Alichokijua ni kwamba kuna mtu Majengo aliyempa ahadi, na ahadi ya popote duniani lazima iwe na mwenyewe mahali fulani.

Mjini kulikuwa na ukungu na manyunyu. Duka la Calvin lilijaa watu: mwanamke mmoja ananunua chaja, wanaume wawili wanabishana juu ya redio, na nje, chini ya kibaraza, vijana wanne wamejikunyata wanatazama mpira kwenye simu zao kwa mtandao wa duka.

"Mama Fransiska! Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kwa salamu, Calvin. Waranti yenu iko wapi?"

"Karibu ndani, mama, tuongee."

"Hapahapa panatosha. Ulisema popote duniani. Hungaria siyo dunia? Mtoto wangu wiki ya tatu hana kompyuta, Ijumaa wanamfungia mlango, nyie mnakaa hapa mnachonga ndevu! Mafundi wenu wa huko wanafanya nini? Wamelala na theluji?"

Mwenye redio aliguna, "Mwambie, mama." Albina akapata nguvu zaidi. Alisema habari za matapeli. Alisema kwamba yeye kwake Laela mtu akimletea pumba humrudishia gunia lake mchana kweupe na majirani wakiona, na leo majirani wa Calvin wataona.

Calvin alikuwa amekunja mikono. "Mama, nakuomba twende ndani."

"Sema hapa! Unaficha nini?"

"Mimi sifichi kitu changu."

"Unaficha cha nani?"

Calvin alimtazama, kisha akaangalia vidole vyake. "Walikataa, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Walikataa siku ileile alipoipeleka. Waliikuta imefunguliwa. Kile kijikaratasi."

Mwanamke wa chaja alianza kuhesabu chenji yake upya. Yule wa redio aligeukia redio yake.

"Ile siku," Albina alisema; kijikaratasi alikuwa amekisahau kabisa.

"Ile siku."

"Na Fransiska anajua?"

"Anajua tangu mwanzo. Alinipigia simu. Aliwaandikia wenye kampuni barua mbili za kuomba, nikamsaidia kueleza kwamba ni sisi tuliofungua hapa dukani, siyo yeye. Jana wamemrudishia mashine. Wamekataa kabisa." Calvin alisita. "Alisema, 'Kaka Calvin, mama akija, mwambie tu iko kwa fundi. Akijua ni kwa sababu yake, hatalala tena.'"

Kulikuwa na benchi la mbao la wateja. Albina alilikalia. Mara nyingine angekaa ukingoni, tayari kuinuka. Sasa alikaa mpaka nyuma, mgongo ukutani, mkoba mapajani. Tangu Noeli alikuwa akimdodosa yule mtoto kila siku apate cha katikati, na cha katikati kilikuwa yeye mwenyewe. Fransiska alikuwa amekaa katika baridi ile, akitafuta namna ya kumlalisha mama yake usingizi. Jambo hilo lilimuuma kuliko kompyuta, na hakujua amshukuru mtoto au amgombeze.

"Loth yupo?" aliuliza hatimaye.

Loth alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma tangu kelele zilipoanza, bisibisi sikioni kama kalamu. "Nipo, mama. Shikamoo. Mimi tangu jana nasema, na dada hataki. Anaogopa kuifungua, anasema wataikataa zaidi."

"Sasa si wameshakataa?"

"Ndiyo hapo. Waranti imekufa, imezikwa. Tunaogopa nini tena?" Alikuja karibu, akapunguza sauti. "Taa inawaka, kioo hakina kitu. Mama, mimi nilichomoa kile kijani siku ile. Labda sikukikandamiza vizuri. Labda ni safari, labda baridi. Sina uhakika. Lakini ningekuwa na mikono huko, ningeanzia hapo."

"Mikono yuko nayo yeye," Albina alisema. "Mpigie."

Walipiga kwa video kutoka simu ya Calvin. Fransiska alipokea haraka, nywele timutimu, koti limevaliwa ndani ya chumba. Alianza kusema, "Kaka Calvin, mambo," kisha akaona gauni la Misa nyuma yake.

"Mama? Uko Majengo? Kaka Calvin! Umemwambia?"

"Amenipiga bambo, dada," Calvin alisema. "Ningefanyaje?"

Mama na mtoto walitazamana kwenye kioo. Yapo mambo mengi ambayo Albina angeweza kuyasema hapo. Alisema, "Una bisibisi?"

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Una bisibisi au huna?"

Jirani wa bweni, msichana wa Kivietinamu aliyejitengenezea baiskeli mwenyewe, alikuwa nayo. Fransiska alikwenda kuiazima, akarudi, akaegemeza simu yake kwenye vitabu ili waone meza. Loth alimpa Albina simu ya Calvin. "Mama, kazi yako ni moja. Shika hivi, nimwone na yeye anione. Usitikisike na usiongee. Tafadhali sana."

Calvin alikohoa kuficha kicheko. Kumwambia Albina asitikisike wala asiongee! Lakini aliishika simu kwa mikono miwili mbele ya kifua, akakaza viwiko.

"Zima kabisa," Loth alianza. "Chomoa chaja. Haya. Sasa gusa kile kichuma kinachopasha joto chumba chako, ukishike kidogo, utoe umeme wa mwilini. Vizuri. Igeuze. Skrubu zile ndefu weka kushoto, fupi kulia, usizichanganye."

Fransiska alifungua. Vidole vilikuwa vyembamba, na Albina aliona kucha ambazo zimetafunwa. Alitaka kusema, vaa soksi za mikono. Akameza.

"Pitisha kadi yako ya chuo pembeni, inua polepole. Itasema 'ka, ka', usishtuke."

Mfuniko ulitoka. Ndani kulionekana, kweusi na kijani. Loth aliinama, pua karibu iguse kioo. "Unaona kile kipande cha katikati? Usikiguse kwanza. Nionyeshe kwa—"

Picha ikaganda. Mkono wa Fransiska ulibaki hewani, kidole kimenyooka.

"Dada? Dada, usiguse! Unanisikia?"

Hakukuwa na sauti. Duara dogo lilizunguka katikati ya kioo. Albina aliitazama ile picha iliyosimama, mtoto wake na kidole chake, na kila mfupa mwilini mwake ulitaka kukimbia kutafuta mahali pa kupanda. Alibaki palepale. Jasho lilimtoka kwapani ingawa baridi ilikuwa ya kutosha.

Calvin alitoka nje mbio. "Jamani, tokeni kwenye WiFi yangu! Wote! Nina mgonjwa yuko mezani, amepasuliwa!"

"Dakika za mwisho hizi, mshikaji," sauti moja ililalamika. "Kona hii!"

"Kona ipigwe bila wewe! Zimeni!"

Walizima wakinung'unika. Duara likazunguka, likazunguka, kisha mkono wa Fransiska ukarukia upande mwingine wa meza na sauti yake ikaja katikati ya neno.

"...nimekisukuma. Kilikuwa kimelegea upande mmoja, kaka Loth. Kimeinuka kama jino. Nimekibana kimelia 'ta'. Nimekosea?"

Loth alifumba macho. "Hujakosea. Chomeka chaja. Iwashe hivyohivyo wazi, lakini usiguse ndani."

Alibonyeza. Taa ndogo ikawaka. Kioo kikabaki cheusi.

"Haiwaki," Fransiska alisema.

"Subiri."

"Haiwaki, kaka Loth."

"Ilipotea njia, inajitafuta. Ipe muda."

Dukani mwenye redio alikuwa ameacha redio yake, amesimama nyuma ya Albina. Mwanamke wa chaja alikuwa hajaondoka. Mkono wa kushoto wa Albina ulianza kufa ganzi, na yeye akaukaza zaidi, kana kwamba kule Hungaria mashine ilikuwa imeegemea kwenye mkono huo.

Kisha uso wa Fransiska ukapata mwanga wa buluu kutoka chini.

Hakupiga kelele. Aliinama, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, midomo inacheza kama mtu anayesali. "Ipo," alisema. "Mama, ipo. Michoro ipo. Yote ipo." Akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Nakala!" Loth alipaza sauti. "Kabla ya yote, tuma nakala kwenye mtandao, sasa hivi! Kikilegea tena je?"

Fransiska alimtazama mama yake kupitia kioo. Ilikuwa kama anangoja ruhusa, msichana huyu aliyetengeneza kompyuta kwa mikono yake katika nchi ya watu.

"Weka," Albina alisema. "Weka kwa wenzio."

"Naweka." Alibonyeza. Macho yake yalikuwa tayari yamehamia kwenye ile kazi, yanasoma, yanakimbia. "Bado sura mbili, na hitimisho. Kaka Loth, kaka Calvin, Mungu awabariki. Mama, nakata. Nina leo, kesho na Ijumaa."

"Ngoja kwanza. Fransiska, nilitaka nikwambie..."

"Mama, Jumamosi. Nitakupigia Jumamosi, tutaongea yote. Nakupenda, haya, kwaheri."

Kioo kikarudi kuwa kioo.

Loth alipiga makofi hewani. Mwenye redio alimpongeza Calvin kana kwamba ni yeye aliyefanya. Vijana wa nje walirudishiwa mtandao wao, wakakuta mpira umeisha. Calvin alimletea Albina soda, akaifungua mwenyewe.

"Mama, hata hujafurahi?"

"Nimefurahi, baba. Nimefurahi sana. Nisamehe kwa yale ya kwanza."

"Yameisha hayo."

Alikunywa nusu, akaaga, akatoka. Manyunyu yalikuwa yamekatika, lakini ukungu bado ulilala juu ya mabati. Alitembea kuelekea stendi kwa mwendo wake wa siku zote, mwendo wa mtu aliyechelewa, na alipofika akagundua kwamba hakuna kitu anachokiwahi. Wiki tatu hofu ilimpa kazi: panda, shuka, piga, uliza. Sasa imeondolewa, na miguu haijaambiwa. Mtoto anayemficha mama yake jambo ili apate usingizi, huyo siyo mtoto tena. Na mama anayefichwa, amekuwa nani? Aliligeuza swali hilo huku na huku, na lilikuwa halina mdomo wala katikati.

Simu ililia. Ilikuwa Evaristi, kutoka shambani, upepo mwingi.

"Niliambiwa umekwenda mjini. Vipi?"

"Imepona. Ameifungua mwenyewe kwa mikono yake. Ripoti ipo."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia nini wewe? Ulikwenda kupalilia."

Alimsikia akicheka, na kicheko kile kilimfariji kidogo. "Basi panda gari urudi. Usiku kutakuwa na mvua."

"Narudi."

Gari la Laela lilikuwa limeshawasha injini. Kondakta alimwona, akamwita kwa jina, akampangusia kiti cha dirishani. Albina aliinua mkono kumwambia asubiri, kisha akaushusha, akamfanyia ishara aende. Gari likaondoka. Yeye akaanza kuizunguka stendi taratibu, akipita kati ya wauza mahindi ya kuchoma na mizigo iliyofunikwa nailoni, akingoja linalofuata.